Maandazi ya Mpango

Kabla sijafungua macho nilisikia mwiko ukigonga sufuria, polepole, kwa mapigo sawasawa. Mume wa shangazi alikuwa akipiga king'ora. Ilikuwa Jumamosi, miaka ya tisini, katika nyumba yetu ya kupanga pale Gulfton, Houston, na jikoni kulikuwa kumefunguliwa kiwanda.

Ujanani alisomea uhandisi katika nchi moja ya kikomunisti, na kichwa chake hakikuwahi kurudi kutoka huko. Alipenda kutusimulia mji wa chuma uliojengwa nyikani kwa amri ya serikali, mabomba ya moshi yakiota kama msitu. Mpango wa makao makuu uliweka lengo kwa tani. Basi kiwanda kikatoa mabati mazito hata mapaa yakashindwa kuyabeba, na wakubwa wakavishwa nishani. Hayo aliyasimulia kwa fahari, machozi yakimlengalenga. Watu walinyeshewa, lakini mvua haikuwemo kwenye Mpango.

Wiki hiyo shangazi alikuwa amepata oda ya maandazi ya harusi huko Missouri City, mji jirani. Mama wa bibi harusi ndiye aliyesimamia shughuli zote za kanisa lao. Akiyapenda, oda zingefuatana, na shangazi angeacha kazi ya kugeuza wazee vitandani kwenye makao ya wazee. Asubuhi hiyo alikwenda kutafuta iliki, akamwachia mumewe jiko.

Aliporudi alikuta akina mama wawili wa kanisani, waliojitolea kusaidia, wamepangiwa lengo kwa kilo. Nao walifanya kile ambacho kila mwenye akili hufanya chini ya Mpango: walikata unga vipande vinene, wakavikaanga na kuviepua upesi kabla havijapungua uzito. Lengo lilivukwa mapema. Mhandisi wetu alisimama katikati ya moshi wa mafuta akitoa hotuba, kifua mbele, kama sanamu inayosubiri njiwa.

Mama wa bibi harusi, aliyekuja kuyaona maandazi, aliingia nyuma ya shangazi. Alivunja andazi moja. Ndani unga ulikuwa mbichi, unanata.

"Dada, haya ni ya kula au ya kujengea?"

Alisema kwa upole kwamba angetafuta kwingine, akaaga.

"Lakini kwa kilo tumevuka," mume wa shangazi akasema.

Shangazi alizima jiko. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa sare yake ya makao ya wazee.

"Hongera, Ndugu Mhandisi. Kaa ule ushindi wako."

Akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.