Mkanda wa Baba Salma

Sitaapa. Katika maisha yangu nimesema uongo mmoja mkubwa, nitakuambia ulikuwa upi, na baada ya ule sina hamu ya kusema mwingine. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, kweupe, saa tatu asubuhi, juu ya mnara wa simu kati ya Kitangari na Newala. Watu wawili walikuwa chini na walisikia. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mimi ni fundi wa minara. Au nilikuwa. Nyumbani kwangu ni Mkomaindo, Masasi, na kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kupanda, kufunga antena na kubadilisha zile taa nyekundu za juu. Wewe ukitazama kwa chini unaona mtu anapanda ngazi tu, basi. Kumbe uhai wake wote uko kwenye mkanda. Unauvaa mabegani, kifuani na kuzunguka mapaja, na kifuani unafunga kamba fupi yenye ndoano mbili. Moja ikiwa imeshika chuma, unaihamisha nyingine juu. Hiyo nayo ikishika ndipo unaifungua ya chini. Huachii zote mbili hata mara moja. Mwanzoni mwa kamba kuna kifurushi cha utepe uliokunjwa na kushonwa. Ukianguka, mishono inafumuka taratibu ili mshtuko usikuvunje mgongo. Ikishafumuka, kamba hiyo imemaliza kazi yake duniani. Sheria ni kuikata vipande pamoja na mkanda wake, asije akaivaa mtu mwingine.

Mwenzangu alikuwa Baba Salma wa Chiungutwa. Alipenda kunitania kwamba nikifika juu nanyamaza kama bwana harusi. Mkandarasi wetu alitupa mkanda mmoja kwa watu wawili, mmoja akipanda mwingine anabaki chini. Mara nyingi wa chini naye alipanda, bila chochote, kwa ujeuri tu. Nilifanya hivyo mara nyingi na nikajisifu mbele za watu. Tulipewa pia kamba ndefu ya kumshushia mtu aliyekwama juu, na kuitunza ilikuwa kazi yangu. Siku aliyoanguka Baba Salma, kamba hiyo ilikuwa uani kwangu Mkomaindo, imeanikiwa nguo.

Aliteleza akiwa karibu na kilele. Kamba fupi ikamkamata, kifurushi kikafumuka, kila kitu kikafanya kazi kama tulivyofundishwa. Lakini mkono wake wa kulia ulipiga chuma ukavunjika, kiatu kimoja kikamdondoka, na akabaki ananing'inia mbali na ngazi, hawezi kujirudisha. Aliniita. Alikuwa mzima, niamini, aliniita Baba Asha kwa sauti yake ya kila siku. Je, wajua kwamba mtu akining'inia kwenye mkanda bila kusogea anakufa? Utepe wa mapajani unabana, damu inabaki miguuni, na muda wake ni mfupi. Nilijua. Nikapanda bila mkanda mpaka kimo cha mnazi, magoti yakaniishia, nikashuka. Nikamwambia nakwenda kuleta watu. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji, nikashika njia ya Kitangari kwa miguu mpaka nikapata bodaboda, na niliporudi na watu alikuwa amekwisha kukata roho.

Walipouliza nilisema alikufa palepale, hakuteseka. Huo ndio uongo wangu. Niliusema kwa polisi, kwa mkandarasi, na kwa mjomba wake, na mjomba akanishika mkono akanishukuru.

Siku ya arobaini nilikwenda Chiungutwa. Baada ya dua na chakula, mjomba alitoa vitu vya marehemu ukumbini, akagawa. Kaka yake alipewa koti na shati, binamu zake viatu na redio. Mkanda na kamba yake vilikuwa vimerudishwa nyumbani ndani ya mfuko, pamoja na nguo alizofia, na mkandarasi hakuvidai. Mama Salma alikuwa ndani, kwenye eda, lakini alimtuma mjomba neno: mkanda asipewe mtu yeyote ila mimi. Watu wote wakanitazama kwa huruma. Ningefanyaje? Kitu cha marehemu ukipewa mbele ya ukoo unakipokea kwa mikono miwili. Hukikatai, na hukikati kwa kisu kana kwamba ni takataka. Sheria ya kazini nilikuwa nayo kichwani, lakini sikuthubutu. Nilikipeleka kile kifurushi kwa fundi viatu sokoni Masasi, akakishona kwa uzi wa mabegi, kikaonekana kizima. Huo ulikuwa upumbavu wangu wa pili.

Mwezi wa saba nikapata kazi tena, na kazi yenyewe ilikuwa mnara uleule. Nilikuwa na mafundi wawili wageni. Wao walikuwa na mikanda yao, na mimi wa Baba Salma. Ukungu wa Newala unaujua wewe? Asubuhi ya baridi unakaa mpaka jua liwe kali, na ukipanda hatua ishirini huoni tena ardhi. Nilipanda peke yangu, nikihamisha ndoano moja baada ya nyingine, huku wao wakipanga vyombo chini.

Karibu na kilele nilitaka kuhamisha ndoano ya chini, nikakuta haipo nilipoiacha. Ilikuwa juu yangu, imeshika chuma ambacho mkono wangu haufiki. Nilidhani nimechoka. Nikainua macho, nikaona miguu inaning'inia kwenye ukungu, mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Sikupiga kelele. Mtu akiogopa sana hana hata pumzi ya kupigia kelele. Uso sikuuona, na sikutaka kuuona. Nilijaribu kushuka, mkanda ukanikaza. Nilikuwa nimesimama juu ya chuma kwa miguu yangu miwili, nakuambia kweli, lakini utepe wa mapajani ulinivuta juu kana kwamba ninaning'inia mimi. Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda magotini. Moyo ulikwenda mbio, kisha ukapungua. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nilielewa kila kitu alichokipata, hatua kwa hatua, na nikalia kwa aibu.

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenitukana. Alisema jambo moja tu, taratibu, kama tulivyokuwa tukizungumza kazini.

"Mke wangu umemwambia nini?"

Nikamwambia nitakwenda leo, nitasema kweli. Niliapia mwanangu. Kisha sikumbuki, mpaka ukungu ulipofunguka nikaona mashamba ya mikorosho chini, na ndoano zangu zote mbili zikiwa mahali pake.

Niliposhuka, wale wawili walinikalia mbali. Mmoja wao aliniambia walikuwa wakiniita muda wote, na mara zote nilijibu. Nilijibu nini? Akasema nilikuwa nikiwaambia, "Ngojeni, Baba Asha anakuja, amekwenda kuleta watu." Mtu huyu hakunijua kabla ya wiki ile. Maneno niliyomwambia Baba Salma siku ile sikuwa nimemsimulia yeye wala mtu mwingine.

Mchana huohuo nilipanda bodaboda mpaka Chiungutwa. Mama Salma alikuwa amekwisha kutoka eda. Nilimkuta anabangua korosho barazani, akaniambia karibu shemeji, akanisogezea mkeka. Nikasema yote, kamba ya kuanikia nguo, magoti, uongo. Hakuacha kubangua. Nilipomaliza, alipangusa mikono.

"Alinipigia simu, shemeji," akasema. "Mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia nisiogope, umekwenda kuleta watu. Mara ya pili alisema miguu haisikii, nikampa Salma azungumze na baba yake. Mara ya tatu nilisikia upepo tu."

Akaendelea bila kupandisha sauti.

"Nilikungoja msibani useme. Nikakungoja arobaini. Ulikula chakula chetu ukanyamaza. Ndipo nikatuma upewe ule mkanda."

Niliomba msamaha, nikapiga magoti pale kwenye maganda ya korosho. Aliniambia ameshindwa kusamehe, amejaribu kila siku ya eda na ameshindwa, na nisije tena kwa sababu Salma anaijua sauti yangu na inamtia homa. Kisha akarudi kwenye korosho zake. Nikaondoka.

Sijapanda tena. Kila siku mnamo saa tatu asubuhi miguu yangu inakufa ganzi kuanzia mapajani, nakaa chini popote nilipo, hata sokoni, mpaka inaporudi. Madaktari wamenipima, hawakuona ugonjwa. Mapajani nina alama mbili za utepe ambazo mke wangu ameziona na hataki kuziuliza. Mkanda nilijaribu kuukata, kisu kikanishinda mkononi. Nilimwomba mjomba aupokee, akasema kitu cha arobaini hakirudi.

Nakuonya wewe unayefanya kazi za juu, minara, mapaa, hata kukwea minazi kwa watu. Usivae mkanda wa mtu kabla hujajua alishukaje. Usimwache mwenzako apande kama kamba ya kumshushia imebaki nyumbani. Na akikwama akakuita, panda ukamfuate, hata kama magoti yanatetemeka. Huenda ukaanguka ukafa. Mimi sikupanda, na sikufa, na mpaka leo sijui nimebaki kwa ajili ya nini.