Vifuko vya Ukwaju Visivyoganda

Mimi nina hasira za karibu, mume wangu ana huruma za karibu, na siku hiyo zote mbili zilikutana kwenye friza.

Lakini nianze na chupa. Mdogo wangu ni muuguzi huko Lugoba. Alikwenda semina Nairobi akarudi na chupa ya tekila, akaiweka juu ya meza yangu hapa Bagamoyo kama mtu aliyeleta mtoto mchanga. Hakuna kati yetu aliyejua inanywewaje. Tukaionja kavukavu, kijiko kimoja kimoja. Yeye alikohoa mpaka machozi, mimi nikatukana. Mume wangu, ambaye hajui kinywaji chochote zaidi ya bia yake, alitucheka siku mbili.

Sasa mimi nimekunja mashuka kwenye hoteli ya ufukweni miaka kumi na moja. Kila siku napita na tenga la nguo nyuma ya kaunta ya baa, na macho ninayo. Nilikuwa nimemwona mhudumu wa pale akisaga ile tekila na barafu na matunda, ikatoka nzito, baridi, ina povu juu, na wageni wakifumba macho kwa utamu. Nikamwambia mdogo wangu, tuachie chupa hiyo, tutaishikisha adabu.

Mara ya kwanza tulifanya ujinga. Nilichukua bonge la barafu, nikalifunga kwenye kanga kuukuu, nikalitwanga kwa mchi sakafuni. Mabonge yakaingia kwenye blenda, blenda ikanguruma, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikanyamaza. Tulichopata ni maji machungu yenye kokoto za barafu. Tukayanywa hivyo hivyo, maana tekila humwagi.

Fundi akaitengeneza blenda, mara ya pili yakawa yale yale. Mara ya tatu ndipo nilipopata akili, na akili yenyewe ilikuwa imekaa mlangoni kwangu siku zote. Pale mtaani wanauza barafu za ubuyu kwenye vile vifuko vyembamba vya nailoni, unang'ata pembe unafyonza. Nikasema, kwa nini nihangaike na barafu ya maji? Nikakamua ukwaju mzito, nikatia sukari, ndimu tatu, tekila, nikakoroga, nikajaza vifuko, nikafunga fundo, nikalaza kwenye friza mpaka kesho yake. Kwa sababu ya ile tekila haukuganda ukawa jiwe. Uligeuka uji wa barafu, unaubonyeza unabonyea. Ukiumimina kwenye blenda ni kuhesabu mpaka kumi tu, unatoka laini kama povu la sabuni. Ukingo wa glasi unaupaka ndimu, halafu unaukandamiza kwenye chumvi na pilipili ya unga. Kile kile tulichokuwa tunakula na embe bichi shuleni, jamani! Mdogo wangu alionja, akaweka glasi chini, akanikumbatia. Tangu hapo akija ni vifuko.

Sasa jirani yangu. Nyumba yetu na yake zimegawana ukuta na uani tunasikiana hata tukipiga chafya. Ni mama mtu mzima, wa familia za zamani za mji huu, mjane, anafunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Nilipohamia hapa sijui mtu, yeye ndiye aliyenifundisha kukuna nazi bila kukuna na vidole. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda. Friji lake lilipokufa nilimwambia alete vitu vyake kwangu, basi ukwaju wake wa kufuturia unakaa kwenye friza yangu, kwenye vifuko vya nailoni, umefungwa fundo. Hajawahi kuniuliza naweka nini kingine humo ndani. Ananiona Jumapili naenda kanisani, ananisikia nikicheka na mdogo wangu, akili anayo. Na mimi nilijiapiza kitu kimoja: kilevi changu hakitagusa chake. Blenda nilinunua jagi la pili, kwa sababu huwa anaiazima kwa tui. Vifuko vyake vilikaa chini, vyangu juu. Nilijiona nina mpango kabisa.

Alhamisi hiyo mdogo wangu alikuwa anakuja jioni. Vifuko sita nilishavilaza tangu Jumatano. Nikarudi kazini saa kumi na mbili na dakika kumi, nikafungua friza nivikague. Juu kweupe. Chini, ukwaju wa mama jirani umelala wote, umeganda jiwe.

Nikampigia mume wangu simu. Alikuwa kibandani anatazama mpira, nasikia watu wanapiga kelele.

"Umegusa friza?"

"Mama jirani alikuja kuchukua ukwaju wake," anasema, sauti imejaa wema. "Nikamwona mtu amefunga, amechoka, nikampa ile laini ya juu, si ukwaju ni ukwaju, asihangaike kuyeyusha."

Toba! Nikakata simu. Adhana ya magharibi ilikuwa imebakiza dakika chache, na mama yule hufuturu kwa tende tatu na glasi ya ukwaju, siku zote, hakosi. Miaka yote hiyo aliniamini, na leo angefungua saumu yake kwa tekila kutoka nyumbani kwangu. Angesikia ladha, angejua, asingesema neno, na asingekanyaga tena mlangoni kwangu. Nilimwona kabisa anatoa vitu vyake kwenye friza kimoja kimoja, kwa adabu. Nikajifunga kanga juu ya sare ya kazi, nikatoka mbio, ndala moja ikabaki uani.

"Hodi!"

"Karibu, karibu mwanangu."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani kwake uani, sinia la tende mbele yake, jagi limefunikwa kitambaa. Nikataka kulirukia lile jagi. Lakini huku hakuna kuingia nyumbani kwa mtu mzima ukaropoka. Ukianza na shida kabla ya salamu ni kama umemtukana, na mimi ndiye niliyefundishwa hivyo, na yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama, mama. Mama, ule…"

"Kazini hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, naomba…"

"Mume wako hajambo?"

"Hajambo," nikasema, na Mungu anisamehe, wakati huo nilimtakia jambo.

"Na mdogo wako wa Lugoba? Hajafika?"

"Yuko njiani. Mama, usinywe!"

Ndiyo, nilipiga kelele. Nimesimama uani kwa mtu, ndala moja, nahema kama nimefukuzwa na ng'ombe, napiga kelele kwa mama mtu mzima aliyefunga. Yeye akanitazama taratibu. Akafunua jagi. Lilikuwa maji matupu.

Akanyoosha kidole dirishani. Kwa nje, juu ya kizingiti, kwenye bakuli langu mwenyewe, vifuko vyangu sita vilikuwa vimekaa na mafundo yake, havijafunguliwa hata kimoja.

"Nilivibonyeza," akasema. "Ukwaju wangu ukikaa humo unaganda, unaweza kumpigia mwizi. Hivi vimekaa siku nzima ndani ya friza vimekataa kuganda. Nikasema, hivi vina mambo yake. Nimerudi kugonga kwenu, mumeo ameshatoka."

Nikakaa chini pale pale, sakafuni. Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia ni tekila, nikamwambia nilijiapiza, nikamwambia jagi lake la blenda ni mbali na langu, nikamwambia mume wangu nitamuua.

"Usimguse mumeo. Alinionea huruma," akasema. "Na weye unalia nini? Nimekaa hapa nakusubiri. Nilijua ukifungua hiyo friza utakuja mbio. Ningepata hofu kama usingekuja."

Basi hapo ndipo nilipolia vizuri.

"Inuka," akaniambia. "Kaniletee wangu, hiyo adhana haikungojei."

Nikakimbia tena, bakuli la vifuko vyangu mkononi. Nilichukua vifuko viwili vya jiwe, nikavichovya kwenye maji ya moto vikalegea, nikavisaga kwa blenda, jagi lile la heshima, nikarudi nimeshika glasi kwa mikono miwili. Mwadhini alianza nikiwa mlangoni kwake. Akala tende yake, akanywa, akafumba macho. "Hujazidisha sukari," akasema, na kwa mama yule hiyo ni sifa kubwa.

Mdogo wangu alipofika alinikuta jikoni macho yamevimba, nacheka peke yangu. Nikamhadithia, akalala chini kwa kicheko. Mume wangu akaingia kwa kunyata, amebeba mishikaki ya kuombea msamaha, nikamtukana kidogo tu, kwa kuwa niliagizwa nisimguse. Tukasaga vifuko vyetu, tukapaka chumvi na pilipili, tukakaa uani. Sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Hata mume wangu aliweka bia pembeni akaonja, akasema si mbaya, akamaliza yangu.

Asubuhi yake nikiwa nafagia, mama jirani aliita hodi. Tukasalimiana mpaka mwisho, za kulala, za mdogo wangu, za mume, na safari hii nilijibu zote pole pole. Kisha akatoa ndani ya mtandio kibonge cha uzi mwekundu, ule anaodarizia kofia, akaniwekea mkononi.

"Vya kwako ufunge na huu," akasema. "Vyangu viache vilivyo. Mumeo macho anayo."

Akageuka akaenda zake kupika. Uzi ule ninao mpaka leo, uko kwenye droo pamoja na vijiko, na bado vifuko vyake na vyangu vinalala friza moja.