Siku Niliyopinga Dakika za Nyongeza

Jamani, aibu mie naijua. Siku hizi nikipita karibu na ile shule naivuta kofia mpaka machoni, na bado hakosekani mtu wa kuniita, "Mheshimiwa, dakika tano!" Chekeni tu, hata mie nimeshacheka, ila siku yenyewe sikucheka.

Mie nauza mapazia Buguruni, nyumbani Kiwalani, na kwetu mambo ya shule anayafuatiliaga mke wangu Mama Salma, mie nafuatiliaga mpira (tumegawana majukumu). Sasa mke wangu kasafiri Newala msibani, na asubuhi moja binti yetu Salma, yupo darasa la saba, akaniletea karatasi nikiwa na chapati mkononi. "Baba, mwalimu mkuu kasema usome, halafu usaini." Naangalia, kurasa mbili zimejaa maandishi, chai inapoa, basi nikaruka hayo ya kusoma nikaenda moja kwa moja kwenye kusaini, na saini yangu mie nzuri, ina mikia mitatu.

"Umesoma, baba?"

"Nimesoma, mama, wahi shule."

Wiki mbili baadaye, Mzee Kitwana, jirani yangu wa dukani anayeuza ndoo, akaniambia eti pale shuleni kwenye mtihani wa majaribio kuna watoto walikaa chumba cha peke yao, wenzao walipoambiwa kalamu chini wao wakaendelea kuandika! Nilipandwa na hasira nikakosea hata kupima kitambaa cha mteja. Nikasema hao watoto wa wakubwa tu, hakuna kingine, Salma wangu anahangaika na kitabu mpaka machozi yanamtoka, halafu mtoto wa mtu anaongezewa muda! Basi nikaandika barua ya malalamiko, nikaizungusha mtaani, mpaka inafika Jumamosi ya kikao cha wazazi nina saini thelathini na moja. (Hakuna hata mmoja aliyeisoma, nilijionea kwa macho yangu, ila niliona ni imani waliyonayo kwangu.)

Kikao kilikuwa uwanjani, maturubai yamefungwa, spika mbili kubwa zimekodiwa, na darasa la saba lote limekaa nyuma kwa sababu lilitakiwa kutuimbia. Mwenyekiti, mama mmoja mkali mwenye filimbi shingoni, akatangaza kila msemaji dakika tatu. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasalimia meza kuu, nikasalimia walimu, nikasalimia wazee, na kabla sijaingia kwenye hoja filimbi ikalia.

"Mwenyekiti," nikasema, "suala hili zito, naomba uniongezee dakika tano."

Akaniongezea. Na mie, wallahi, sikujisikia nilichokuwa naomba.

"Haki gani hii?" nikaanza kunguruma. "Saa ya mtihani ni moja kwa wote! Anayeweza aweze, asiyeweza akae pembeni!" Makofi! Kichwa kikavimba, nikadai majina ya hao watoto yatajwe hapohapo.

Mwalimu mkuu, mama mpole asiyepandishaga sauti, akasimama. "Majina hatutaji, Baba Salma. Hao ni watoto ambao herufi zinawachanganya, wakipewa muda wanajibu sawa na wenzao. Na kila mmoja mzazi wake ameridhia kwa maandishi."

"Tuonyeshe hayo maandishi!"

Akaja na faili mpaka niliposimama, akaninong'oneza, "Baba Salma, zima hicho kipaza sauti, twende tukaongee ofisini." Mie nikaona hee, wanataka kuniziba mdomo hapa! Nikatangaza kwamba hakuna cha ofisini, hapa ni uwazi tu, nikachomoa karatasi aliyokuwa ameishika, nikasoma kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Mimi, mzazi wa Salma Hamisi wa darasa la saba B, nimesoma na kuelewa kwamba mwanangu ana shida ya kusoma kwa haraka, na ninaridhia aongezewe muda..."

Mdomo ulishatangulia, akili ndiyo ikafika. Macho yakashuka chini ya karatasi, nikaiona mikia mitatu.

Kule nyuma mzazi mmoja akapaza sauti, "Endelea, mheshimiwa, dakika tano hazijaisha!" Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye filimbi ikamdondoka mdomoni. Nikamtafuta Salma kwenye mabenchi. Alikuwa kainama, kafunika uso kwa sweta, na wenzake wote wanamwangalia yeye. Hapo ndipo nilipoumia. Aibu ya kwangu ningeibeba, ila yake niliitangaza mie, baba yake, tena kwenye spika.

Nyumbani hakula. "Jumatano kwenye mtihani siendi chumba kile," akasema. "Nitakaa na wenzangu, wakisema kalamu chini naweka." Na huo haukuwa wa majaribio, ulikuwa mtihani wenyewe wa kumaliza darasa la saba, na mtoto anayejua majibu angerudisha karatasi nusu tupu kwa sababu ya mdomo wangu. Mama yake akapiga simu kutoka Newala, akanisema mpaka salio likamwishia.

Jumapili nikazunguka nyumba thelathini na moja kuomba radhi na kuwasomea watu walichokisaini. Niliporudi nikakaa chini mbele ya Salma na ile karatasi niliyoondoka nayo kikaoni. "Mwanangu, nisamehe. Ile fomu sikuisoma, nilikudanganya. Nisomee wewe."

Akaisoma, kidole chini ya mstari, anarudi nyuma, anaanza tena, na mie, mie huyu mnayenijua, sikumkatisha hata mara moja. Alipomaliza akarudisha kidole kwenye mstari unaosema akipewa muda anajibu sawa na wenzake. "Kumbe wanasema ninaweza."

"Ndivyo wanavyosema."

Sasa hivi sisaini kitu sijakisoma hadi nukta ya mwisho, wateja wananisubiri, wananuna, wananizoea. Na vikaoni nimeapa kukaa kimya, sababu alinipa mtoto mwenyewe ile Jumatano nilipomsindikiza kwenye mtihani. Tulipofika mlango wa kile chumba alisimama, akanitazama juu mpaka chini.

"Baba, wewe uliongezewa dakika tano ukaharibu. Mimi nikiongezewa, namaliza maswali."

Akaingia.