Bia Niliyojipikia Kayole

Wasee, hii stori mke wangu ameipiga marufuku kwetu, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niliwahi kulewa maji matamu.

Ilikuwa Julai, na mnaijua baridi ya Kayole, nikaamua kujipikia bia nyumbani (video nilikuwa nimetazama nyingi, nikajiona profesa). Nikachemsha kimea cha shayiri kwa ile sufuria kubwa ya Krismasi. Wale wa video walikuwa wameonya: ngoja maji yapoe yawe vuguvugu ndipo utie hamira, kwa sababu hamira ni kitu hai, ikipata baridi inalala, ikipata moto inakufa. Lakini mechi ilikuwa inaanza. Nikahamishia maji kwenye ndoo, nikamwaga hamira mvuke ukiwa bado unanipiga usoni, Nyambura, mke wangu, akiniangalia.

"Si ulisema ipoe kwanza?"

"Itapoa ikifanya kazi."

Siku zikapita, povu hakuna. Nikasema ni baridi, hamira imelala, nikaivisha ndoo blanketi letu (sisi tukajifunika leso) na bado ikanyamaza. Mwishowe nikatangaza kwamba bia yangu ni ya watu wastaarabu, haina kelele.

Jumamosi nikaalika mashemeji, ndugu wawili wa Nyambura. Kikombe cha kwanza, kichwa kikawa chepesi. Cha tatu, naimba, na mashemeji wamekumbatiana wakiitana majina ya utotoni. Mara hodi, na anayeingia ni baba yao, mzee wa kanisa, amepita tu kutusalimu, na mimi badala ya kuficha ndoo nikapanda juu ya kochi nikamwambia yote niliyokuwa nimemeza tangu harusi: kwamba maombi yake hupoesha ugali, kwamba akija kwetu remote huwa yake, kwamba utani wake hauchekeshi mtu, tunacheka kwa heshima.

Mzee akavua kofia.

Shemeji mkubwa akanitetea: "Baba, msamehe, ni pombe inaongea."

"Pombe gani?" Nyambura akauliza kutoka jikoni, bila ubaya wowote. "Hamira aliiua siku ile ile ya kupika. Hiyo ni maji ya shayiri, watoto wanateremshia mandazi wiki nzima."

Mashemeji wakaachana. Mimi nikagundua niko juu ya kochi, na viatu. Mzee akachukua kikombe changu, akaonja, akaketi, akaweka kofia gotini.

"Tamu," akasema. "Kumbe uko timamu, mkwe wangu. Basi endelea. Ulikuwa umefikia utani wangu."

Nilishuka nikaomba msamaha nikiwa timamu, na jamani, ni kazi ngumu. Mlevi husingizia chupa. Mimi sikuwa na hata maumivu ya kichwa ya kusingizia. Bia sipiki tena. Na nikiwa na neno kwa mzee, nalimeza na chai, moto hivyo hivyo.