Miche Kumi Niliyoing'oa

Nakumbuka Jumamosi moja, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nimechuchumaa kwenye roshani ya nyumba ya kupanga pale mtaa wa Satellite, naipunguza miche ya nyanya. Mwanangu, dakika kumi za kazi hiyo nusura zifute miaka miwili.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa karani mjini. Jioni nilisoma vitabu vya kilimo nilivyonunua kando ya barabara. Mwenye nyumba alikuwa amechoka na mashina yangu marefu niliyoyafunga kwa kamba kwenye vyuma vya roshani. Alisema kuanzia msimu ule, mmea ukipita vyuma vile, ataitoa mimea yote.

Kwa hiyo nilihitaji nyanya fupi ya kukaa kwenye mkebe, yenye tunda la maana. Fupi niliyokuwa nayo ilizaa vitunda vichachu. Nilichukua chavua, ule unga wa maua, ya ndefu nikaipaka kwenye ua la fupi. Miche iliyotokana nazo, watoto wao, wote walitoka warefu. Vitabu vilinituliza: katika wajukuu, kama mmoja kwa kila wanne ataurudia ufupi. Nikapanda mbegu zote za wajukuu, nisibakishe hata moja. Ikaota miche arobaini.

Nyumbani kwetu Uthiru, mama alinifunza kwamba mche uliodumaa hung'olewa mapema, ulionyooka ukaachwa. Mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza. Kumi kati ya ile arobaini ilikuwa mifupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea na yamekunjamana. Nikadhani ni ugonjwa. Nikaing'oa, nikaitia kwenye mfuko wa taka, nikaushusha langoni.

Niliporudi, jirani yangu Cucu Wambui, bibi mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye bustani ya miche huko Muthangari, alikuwa anafagia mlangoni pake. Akachungulia.

"Baba Njeri, si ulisema unataka fupi?"

"Ndiyo, Cucu."

"Mbona hapa naona twiga tu?"

"Nimetoa zile zimedumaa."

Ufagio ukasimama. "Zilikuwa na majani imekunjamana hivi?"

"Ndiyo."

"Sasa hizo ndizo umekuwa ukingojea! Vitabu vyote hivyo, na macho umeweka wapi? Kimbia, wacha kuniangalia!"

Nilishuka ngazi na ndara mguu mmoja. Mfuko ulikuwa chini ya mingine. Saba ilikuwa imepondeka. Tatu niliipanda tena kivulini, na siku ya nne ukabaki mmoja. Ile mirefu thelathini niliitoa mwenyewe, kabla mwenye nyumba hajapanda ngazi. Ule mmoja haukufika hata nusu ya vyuma vyake. Tunda lake halikujaza kiganja, ila lilikuwa tamu, na mbegu zake zote zilitoa mimea mifupi.

Mwanangu, ukianza kutafuta kitu ambacho kwenu hakijawahi kutafutwa, andika alama zake kwenye karatasi na uisome kabla hujagusa chochote, kwa maana mkono uliofunzwa kazi ya jana utakitupa kwa nia njema kabisa. Tena usipande mbegu zote siku moja. Mungu akujalie kukitambua ulichokiomba hata kikija na sura ya ugonjwa, na akuweke karibu na watu wasioona haya kukuuliza unafanya nini.