Fundi umeme kaunga waya wa intaneti kwa tepu, na plasta inasubiri

Wakuu, habari za saa hizi.

Ninayoeleza yametokea kwenye saiti yangu hapa Buzebazeba. Ukuta upo, mwenye shaka aje auguse.

Mimi si mtu wa IT. Nilijisomea mwenyewe, taratibu, kabla ya kununua chochote. Nikaamua: waya wa intaneti aina ya Cat6, wa shaba tupu, kila chumba waya wake mpaka ilipo router, na zote zipite ndani ya paipu. Kesho ukitoka waya bora, unavuta wa zamani unaingiza mpya. Ukuta hauguswi.

Nikamchorea fundi umeme. Akaitikia "sawa mzee", kama wanavyoitikia wote.

Siku ya plasta nafika, saruji imeshakorogwa. Nakuta waya mmoja umezungushwa nyumba nzima, umepigiliwa kwenye tofali, paipu hakuna. Kila chumba ameumenya, ameunga tawi, amefunga tepu. Kama soketi ya pasi.

Nikamuuliza hii ndiyo nini.

"Mzee, waya ni waya. Umeme unapita, intaneti itashindwaje?"

Huyu ndiye fundi anayesifiwa mpaka Kasingirima. Ana drili mbili na kofia ngumu. Kusoma maandishi ya kwenye boksi anamwachia mwenye duka.

Tatizo, tulishaaga nyumba ya kupanga. Na mke wangu hutafsiri nyaraka za wafanyabiashara wa Kongo, kazi yote mtandaoni, chumba cha mwisho.

"Baba Neema, plasta ipigwe leo," akasema mke wangu, ambaye nilikuja naye saiti. "Hayo mengine utarekebisha."

"Intaneti haipiti vizuri kwenye viungo vya tepu, na tepu zote hizo ziko njiani kuja chumbani kwako."

Akamgeukia fundi. "Zikiachia ndani ya plasta?"

"Mama, si tunatindua kidogo tu."

"Unatindua ukuta wangu?" Akawaambia wapiga plasta, "Hiyo saruji kapigeni ukuta wa nje."

Fundi akaondoka akinung'unika kwamba tunamfundisha kazi. Mtu ilibidi amfundishe.

Kuhama kumesogea mbele, na mwenye nyumba wetu sasa anaitikia salamu kwa shingo upande. Lakini paipu zinaingia, na nasimamia mwenyewe.

Nilichojifunza: kubishana Cat6 au Cat8 huku unaipigilia kwenye tofali ni upuuzi. Paipu kwanza. Na kagua kabla ukuta haujazibwa.

Karibuni mchangie. Mlioziba bila paipu, semeni waya wa pili mliuingizaje. Jibu nalijua, ila nataka mliandike wenyewe.