Shimo la Mama Bosibori

Nilishika viwanja viwili vya kupigia kambi kwa wiki moja, nikanyamaza. Huo ndio ujinga wangu, mwanangu, na nimeutanguliza ili usisumbuke kuutafuta. Siku zile nazikumbuka vizuri sana kwa sababu ilikuwa likizo iliyopita. Ndiyo, niko kidato cha tatu, na nywele za kidevu changu bado ni chache, zinajuana kwa majina. Lakini wazee wa huku wameshindwa kulisema jambo hili, kwa hiyo leo mzee ni mimi. Keti.

Vijana wa kanisa letu hapa Sironga hupiga kambi kila Agosti, na mimi ndiye niliyetumwa kutafuta uwanja. Nikaenda kwa Mama Bosibori, mjane mwenye malisho mazuri chini ya shamba lake la majani chai. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. "Njooni, wanangu. Nitawatengenezea." Siku chache baadaye nikasikia kuna uwanja Kenyenya wenye bomba la maji na stima ya kuchaji simu. Nikaushika huo pia.

Nilimuuliza Bwana Nyakundi, kiongozi wetu, kama nimwambie yule mama kwamba hatuji tena. Akacheka. "Wacha uwanja wake ukae hapo. Kenyenya wakitugeuka, tutalala wapi? Kwani nyasi zinaoza?"

Nikacheka naye.

Kisha chai ya nyumbani ikawa strungi, bila tone la maziwa. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikauliza kama tunafunga na kuomba.

"Maziwa tunanunua kwa Mama Bosibori," mama akasema, "na ng'ombe wake siku hizi hawatoi kitu. Nenda umuulize kwa nini." Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko swali langu lilivyostahili.

Nikaenda. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamefungwa kando ya barabara, wakinusa vumbi. Malisho yenyewe yalikuwa matupu, yamefyekwa kama kichwa cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mawe yote yameokotwa. Pembeni kulikuwa na shimo la choo, jipya, refu, udongo mwekundu umerundikwa kando yake.

"Ng'ombe nimewatoa msije mkalala juu ya mavi," Mama Bosibori akaniambia, amefurahi kweli. "Shimo amelichimba ndugu yangu, hadi jembe langu likavunjika mpini. Na juzi kuna kwaya ya wale watu wa ziwani wanaofanya kazi mjini, waliuomba huu uwanja. Nikawaambia una wenyewe. Sasa niambie, kuni mtakuja nazo ama niwapasulie?"

Mwanangu, huu mdomo wangu huchekesha darasa zima hadi mwalimu anasahau alikuwa anafundisha nini. Siku hiyo ulitoa neno moja tu. Nilisema nitauliza, nikaondoka mbio.

Nilienda moja kwa moja kwa Bwana Nyakundi, nikamwambia tuufute uwanja wa yule mama leo.

"Kijana, hii kambi ina wakubwa."

"Basi mkubwa aende amwambie. Asipoenda, naenda mimi."

"Ukienda, usijihesabu kwenye kambi."

Nikaenda.

Mama Bosibori alinisikiliza akiwa amesimama. "Kwa hiyo kuja kushika uwanja ulijua njia," akasema. "Kuja kuniambia hamji, njia ikapotea." Aliipigia ile kwaya simu nikiwa papo hapo. Walikuwa wameshapata mahali Masimba. Akairudisha simu mfukoni, akaangalia ng'ombe, akaangalia shimo. Nikamwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa tu.

Sabato iliyofuata jina langu liliondolewa kwenye kambi mbele ya watu wote, eti kwa utovu wa heshima. Mama Bosibori nilimwomba radhi na ningemwomba tena. Bwana Nyakundi simwombi. Hata akiisoma hii.

Basi sikia, mwanangu. Uwanja wa watu si kiti cha maktaba, kwamba utaweka sweta lako hapo mwenzako asikae, kisha uende kucheza mpira. Ukiomba mahali pa kulala, kuna mtu ameamka kufyeka, kuna ng'ombe amekosa nyasi, kuna wengine wameambiwa pamejaa kwa sababu yako. Omba mahali pamoja tu. Nia ikibadilika, sema siku hiyo hiyo, na kama ni karibu nenda na miguu yako ukasemwe vizuri. Usitume rafiki. Usisingizie simu, tunajua ilikuwa na chaji. Na mkubwa akikwambia unyamaze, msikilize kwa heshima zote mpaka amalize, halafu uende ukaseme. Watakuita jeuri. Itika. Mungu akujalie hema lisilovuja, na majirani ambao bado wanakuuzia maziwa.

Jua la Sabato ile lilipozama, nilimsimulia mama yote, nikingoja kusifiwa au kuchapwa, lolote litakalotangulia. Alimaliza kwanza kumenya ndizi zake.

"Kwa hivyo hauendi Kenyenya," akasema. "Vizuri. Kesho ng'ombe wanarudi malishoni na lile shimo bado liko wazi. Ubebe jembe letu, lake limevunjika mpini."